VITUFE VYA MASHINE YA TIG: KILA KIMOJA NA KAZI YAKE

Mashine ya kuchomelea ya aina ya TIG imeingia katika karakana nyingi: viwanda vya maziwa, vya sukari, vya bia na vya chai, na hata karakana za mashamba makubwa ambako zamani palikuwa na mashine ya fimbo peke yake. Mara nyingi mashine inaletwa, mtu wa duka anaiwasha kwa dakika chache, kisha anaondoka. Kitabu cha maelezo kinafungiwa ofisini, tena kimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Fundi anabaki mbele ya vitufe kumi au zaidi. Anabahatisha mpaka apate vipimo vinavyofaa kidogo, halafu anaogopa kuvigusa tena.

Somo hili ni la kuondoa woga huo. Jambo la kushika ni moja tu: vitufe vyote, hata viwe ishirini, vinatawala vitu viwili, yaani joto na gesi. Fundi anayejua kila kitufe kinatawala nini anaweza kuilinda kazi yake na afya yake. Tena hawezi kulaumiwa bure kwamba ameharibu kazi kwa uzembe, iwapo kilichoiharibu ni kipimo alichowekewa na mtu mwingine.

Tutatumia mfano mmoja: kuunganisha mabomba mawili ya maziwa, ya chuma kisichoshika kutu namba 304, ambacho mafundi wanakiita stenlesi, chenye unene wa milimita 2. Chuma hiki kina kromu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Fimbo ya kujazia inayokifaa ni ile yenye namba 308L.

1. MASHINE INAFANYA NINI

Katika mashine ya fimbo, fimbo yenyewe inayeyuka na kuwa sehemu ya kiungo. Katika TIG, ncha inayotoa mwali wa umeme ni ya tangsteni, madini ambayo hayayeyuki mpaka yapite digrii 3,400. Ncha haitakiwi kuyeyuka wala kugusa chuma. Mwali wake unayeyusha chuma, na fundi analisha fimbo ya kujazia kwa mkono wa pili. Gesi ya agoni inatoka katika kikombe cha kauri kuizunguka ncha, ikizuia hewa isifike kwenye chuma cha moto.

Njia hii ilipewa hataza huko Marekani mwaka 1942, kwa kazi ya Russell Meredith wa kiwanda cha ndege cha Northrop. Walikuwa wanataka kuchomelea magnesi, madini mepesi yanayoshika moto kwa urahisi yakiguswa na hewa. Wao walitumia gesi ya heli. Siku hizi agoni ndiyo inayotumika zaidi.

2. KABLA YA KUGUSA KITUFE CHOCHOTE

Kwanza tazama waya. Kwa stenlesi na chuma cha kawaida, tochi inafungwa upande wa kutoa (–) na kibanio cha athi upande wa kujumlisha (+). Kwa mpango huo sehemu kubwa ya joto, kama asilimia 70, inakwenda kwenye kazi. Ukigeuza, joto hilo linarudi kwenye ncha, na mara moja ncha inayeyuka na kuwa kidonge. Kosa hili ni la kawaida sana pale ambapo mashine moja inatumika kwa kazi zote mbili, kwa sababu fimbo nyingi za kuchomelea hufungwa upande wa kujumlisha. Mwenzako akishatumia fimbo, usianze kazi kabla ya kutazama waya.

Pili, tazama ncha. Kwa mfano wetu inatosha ncha ya milimita 1.6. Inolewe iwe kama penseli, urefu wa mchongoko ukiwa mara mbili ya unene wake. Mistari ya jiwe ifuate urefu wa ncha, isiizunguke, la sivyo mwali utayumba.

Rangi iliyopakwa mwishoni mwa ncha si pambo. Nyekundu maana yake ni kwamba imechanganywa na thoriamu, madini yenye mnururisho. Hatari kubwa ni vumbi lake wakati wa kunoa, kwa maana likivutwa linakaa mapafuni. Ncha za dhahabu na za buluu zina lanthani, na za kijivu zina seri. Hizo hazina hatari hiyo, na zinafanya kazi hii vizuri. Tawi liombe zinunuliwe hizo badala ya nyekundu. Mpaka hapo, anayenoa nyekundu apewe mashine yenye kivuta vumbi pamoja na kinga ya pua.

3. VITUFE VYA JOTO

Aina ya umeme. Swichi yenye herufi DC ni ya umeme unaokwenda upande mmoja, na AC ni ya umeme unaogeuka huku na huku. Stenlesi na chuma cha kawaida ni DC. Aluminiamu ni AC, kama tutakavyoeleza mbele.

Ampea. Hiki ndicho kitufe kikuu. Kanuni ya kuanzia ni ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene wa chuma cha kawaida. Stenlesi hutunza joto zaidi, kwa hiyo punguza kidogo, uhesabu 30 hadi 35. Bomba letu la milimita 2 litahitaji basi ampea 60 hadi 70. Hiyo ni hesabu ya kuanzia. Jaribu kwanza kwenye kipande cha chuma kile kile. Kama kuna pedali ya mguu, kitufe kinaweka kiwango cha juu kabisa, na mguu unachagua chini ya hapo.

Kuwasha mwali. Alama HF maana yake ni kwamba cheche inaruka yenyewe bila ncha kugusa chuma. Hii ni njia safi, lakini inatoa mawimbi yanayoweza kuvuruga mizani ya umeme na vyombo vingine vya kiwanda. Mtu aliyewekewa chombo cha kusaidia mapigo ya moyo asikaribie kabla ya kumwuliza daktari wake. Njia nyingine ni ya kugusa na kuinua, iliyoandikwa LIFT: unagusisha ncha taratibu, unabonyeza, kisha unainua.

2T na 4T. Kwenye 2T unashikilia kitufe cha tochi muda wote, na ukiachia, mashine inaanza kuzima. Kwenye 4T unabonyeza na kuachia ili kuwasha, halafu unabonyeza na kuachia tena ili kuzima. Kwa kiungo kifupi 2T inatosha. Kwa mshono mrefu kuzunguka bomba, 4T inaokoa kidole kisichoke.

Kupanda na kushuka kwa joto. Palipoandikwa UP SLOPE panaweka muda wa ampea kupanda mwanzoni, na nusu sekunde inatosha. Palipoandikwa DOWN SLOPE panaweka muda wa kushuka mwishoni, na hapa usifanye haraka. Mwali ukikatika ghafla, kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kinaganda kwa mara moja na kuacha shimo dogo katikati. Kutoka kwenye shimo hilo ufa unaanza. Weka sekunde 3 au 4, na uendelee kulisha fimbo kidogo wakati joto linashuka.

Mapigo. Palipoandikwa PULSE, mashine inapandisha na kushusha ampea mara kwa mara, ili kuyeyusha bila kupasha bomba zima. Kuna vipimo vinne: ampea za juu, ampea za chini, mapigo mangapi kwa sekunde, na asilimia ya muda wa juu. Chukua hesabu hii. Juu ni ampea 80, chini 25, na muda wa juu asilimia 40. Wastani wake ni 80 mara 0.4, yaani 32, kujumlisha 25 mara 0.6, yaani 15. Jumla ni ampea 47. Bomba linapata joto la karibu ampea 47, ingawa ncha inachoma kwa 80. Anza na pigo moja kwa sekunde, na kila pigo likikuta fimbo, mshono utajipanga wenyewe. Lakini usiguse mapigo kabla hujaweza kuchomelea vizuri bila hayo.

4. VITUFE VYA GESI

Mtiririko. Hiki kiko kwenye mtungi, hakiko kwenye mashine. Kwa kikombe namba 7 au 8, weka lita 8 kwa dakika. Namba ya kikombe inahesabu sehemu za 16 za inchi: namba 8 ni nusu inchi, yaani karibu milimita 13. Usidhani gesi nyingi ni bora. Ikizidi inajizungusha kwenye mdomo wa kikombe na kuvuta hewa ndani, na matokeo ni sawa na ya gesi haba.

Gesi ya mwanzo, palipoandikwa PRE FLOW, inasafisha hewa kabla ya mwali kuwaka. Nusu sekunde inatosha, ila kama mpira ni mrefu, ongeza.

Gesi ya mwisho, palipoandikwa POST FLOW, inaendelea kutoka baada ya mwali kuzimika, mpaka ncha na chuma vipoe. Kanuni ni sekunde moja kwa kila ampea 10. Kwa ampea 70 ni sekunde 7, na kwa stenlesi ongeza ziwe 10. Muda wote huo usiondoe tochi mahali pake.

Kitufe hiki ndicho kinacholeta ugomvi mwingi kuliko vyote. Msimamizi anasikia gesi ikilia na mwali umezimika, anasema gesi inamwagwa, na anakishusha mpaka sekunde 2 au 3. Tufanye hesabu. Lita 8 kwa dakika, kwa sekunde 10, ni lita moja na theluthi. Akishusha kutoka sekunde 10 hadi 3 anaokoa chini ya lita moja kwa kila mshono. Mtungi mkubwa wa lita 50, uliojazwa kwa shinikizo la baa 200, una gesi kama lita 10,000. Kwa hiyo ili kuokoa mtungi mmoja kwa njia hiyo, lazima fundi amalize mishono zaidi ya 10,000. Huku nyuma ncha inaungua na kuwa nyeusi kila mara, inanolewa tena na tena, na mwisho wa kila mshono unaingiwa na hewa. Hasara ni kubwa kuliko gesi iliyookolewa. Hesabu hii mwonyeshe msimamizi kwa kalamu na karatasi.

Gesi ya ndani ya bomba. Bomba la chakula lazima lijazwe agoni kwa ndani pia. Lisipojazwa, upande wa ndani wa mshono unaungua na kuwa chenga nyeusi. Maziwa yanakwama kwenye chenga hizo, maji ya kuoshea hayazifikii, na vijidudu vinazaliana humo. Ziba ncha mbili za bomba, ingiza gesi upande wa chini, na acha tundu dogo upande wa juu hewa itoke, kwa kuwa agoni ni nzito kuliko hewa. Kipande cha mita moja chenye upana wa ndani wa milimita 50 kinabeba kama lita 2. Kwa lita 8 kwa dakika, ngojea dakika mbili, ili ndani pabadilike mara nane. Dakika hizo mbili ni kazi, si uvivu, na zihesabiwe katika muda wa kazi.

5. KAMA NI ALUMINIAMU

Aluminiamu inayeyuka kwenye digrii 660, lakini ngozi yake ya oksaidi haiyeyuki mpaka ipite digrii 2,000. Ndiyo sababu ya AC: nusu moja ya umeme inaivunja ngozi, nusu nyingine inayeyusha. Kitufe chenye neno BALANCE kinagawa muda kati ya kazi hizo mbili. Anza na asilimia 70 kwa kuyeyusha na 30 kwa kusafisha. Hadhari: baadhi ya mashine zinaonyesha asilimia ya kuyeyusha na nyingine ya kusafisha, kwa hiyo hakikisha kwa kujaribu. Ncha ikiyeyuka kuwa kidonge kikubwa, usafishaji umezidi. Kidimbwi kikiwa kichafu chenye madoa, umepungua. Kitufe chenye herufi Hz kinafanya mwali kuwa mwembamba zaidi kadiri unavyokipandisha. Anzia 80 hadi 100.

6. VIPIMO VYA MFANO WETU

Viandikwe ukutani karibu na mashine:

Chuma: 304, unene milimita 2
Umeme: DC, tochi upande wa kutoa
Ncha: milimita 1.6, dhahabu, buluu au kijivu
Ampea: 60 hadi 70
Kupanda: nusu sekunde
Kushuka: sekunde 3 hadi 4
Gesi ya tochi: lita 8 kwa dakika
Gesi ya mwanzo: nusu sekunde
Gesi ya mwisho: sekunde 10
Gesi ya ndani: dakika 2 kabla ya kuanza, na iendelee mpaka mshono upoe

7. KAZI YENYEWE INASEMA

Mshono wa rangi ya fedha au dhahabu hafifu: vipimo ni sawa. Buluu au zambarau: joto limezidi, au umekwenda polepole mno. Kijivu au mweusi: gesi haikufunika. Vitundu vidogo: upepo, mpira unaovuja, au chuma chenye mafuta. Ncha nyeusi: gesi ya mwisho ni fupi. Ncha yenye kidonge kwenye DC: waya zimegeuzwa. Mwali unaoyumba: ncha haikunolewa vizuri, au kibanio cha athi kimekaa juu ya rangi au kutu.

Ukirekebisha, badilisha kitufe kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Tazama pia kibati cha nyuma ya mashine. Penye asilimia 60, kwa mfano, maana yake ni kwamba kwa ampea zilizotajwa hapo mashine inachoma dakika 6 katika kila dakika 10, na 4 inapumzika. Kipimo hicho kinahesabiwa kwenye joto la hewa la digrii 40. Msimamizi akidai usisimame kabisa, mwonyeshe kibati.

8. YANAYOMDHURU FUNDI

TIG haina moshi mwingi, na hapo ndipo inapodanganya. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na mionzi yake. Stenlesi inatoa kromu ya hatari zaidi, ile ya aina ya sita. Mwali pia unazalisha ozoni, gesi isiyoonekana inayounguza mapafu. Kivuta moshi kiwekwe ubavuni mwa kazi, kivute bila kupuliza kwenye mwali. Kioo cha kinga kiwe namba 10 au 11 kwa kazi kama yetu, na shingo na mikono ifunikwe.

Agoni haina harufu wala rangi. Ndani ya tangi au shimo inatulia chini na kusukuma hewa itoke, na mtu anaanguka bila kupata dalili. Asiingie mtu ndani ya tangi kabla hewa haijapimwa, na nje abaki mwenzake wa kumlinda. Aliyeanguka asifuatwe ndani na mtu asiye na chombo cha kupumulia, kwa maana hivyo ndivyo wanavyokufa wawili.

Dawa za kusafishia mafuta zenye klorini, kama trikloroethilini, zisiwe karibu kabisa. Mionzi ya mwali inaugeuza mvuke wake kuwa fosijini, gesi ya sumu iliyotumika katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Aliyeivuta anaweza kujiona mzima, kisha mapafu yakajaa maji baada ya saa kadhaa. Apelekwe hospitali mara moja hata kama hasikii maumivu. Kusafishia chuma tumia asetoni, na ngojea ikauke kabisa kabla ya kuwasha, maana nayo inashika moto.

9. HAKI ZINAZOAMBATANA NA KAZI HII

Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi (kifungu cha 21), wafanyakazi wapewe mafunzo ya usalama (kifungu cha 19), na anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, asiadhibiwe (kifungu cha 13). Mwaka 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo kati ya mikataba ya msingi. Mkataba Namba 95 wa mwaka 1949, kifungu cha 8, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Basi asikatwe mtu kwa mshono mbovu kwa amri ya msimamizi tu. Hapa Uganda sheria ya usalama na afya kazini ilipitishwa mwaka 2006, na yafaa nakala yake iwe katika ofisi ya tawi.

Lakini sheria inahitaji ushahidi. Kila karakana iwe na daftari la mashine: tarehe, kazi, vipimo, na jina la aliyevibadilisha. Siku kiungo kikivuja na lawama zikianza, daftari litaonyesha gesi ya mwisho ilishushwa lini, na kwa amri ya nani.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA KIKUNDI

1. Bomba la 304 lenye unene wa milimita 3 litaanzia ampea ngapi? Na gesi ya mwisho sekunde ngapi?
2. Ampea za juu 100, za chini 30, muda wa juu asilimia 50. Wastani ni ngapi?
3. Ncha inakuwa nyeusi baada ya kila mshono. Utatazama kitufe gani kwanza?
4. Je, kitabu cha mashine yenu kiko karakana au kimefungiwa ofisini? Nani atakwenda kukiomba, na lini?
5. Ncha zenu ni za rangi gani, na zinanolewa wapi?